Onigiri: Wali Unaotakiwa Kushikana

Mpishi wa wali katika nyumba zetu husifiwa kwa jambo moja kuliko yote: punje zake zimechambuka. Wali ukishikana, hata uwe mtamu namna gani, watu watasema leo kumepikwa bokoboko. Ndiyo maana wengi wanaojaribu kutengeneza onigiri, yale matonge ya wali ya Kijapani yenye pembe tatu na ukanda mweusi wa mwani, hushindwa hata kabla ya kulowesha mikono. Wanapika wali mzuri kama walivyofundishwa na mama zao, halafu wanaulazimisha ushikane. Haushikani. Wanaongeza nguvu, wanauminya, na mwisho wanapata donge ambalo nje ni gumu kama jiwe na ukilimega linapukutika lote sahanini.

Ushauri wangu mkuu ni huu: onigiri hutengenezeka sufuriani, viganja humalizia tu. Ukipata mchele unaofaa na ukaupika inavyopasa, kufinyanga ni kazi ya nusu dakika ambayo hata mtoto wa shule ya msingi ataiweza. Ukikosea mchele, hakuna ufundi wa mikono utakaokuokoa. Kwa hiyo tutakaa sana kwenye mchele na moto, kisha ndipo tufike kwenye mikono, kiini na mwani.

Ni chakula gani hiki

Onigiri, ambayo wengine huiita omusubi, ni wali mweupe unaopakwa chumvi kidogo na kufinyangwa ukiwa bado moto, mara nyingi ukiwa na kitu chenye chumvi au uchachu katikati. Tusiichanganye na sushi. Wali wa sushi hutiwa siki na sukari, wa onigiri hautiwi. Tena si chakula cha karamu. Ni chakula cha njiani: cha mkulima shambani, cha abiria ndani ya treni, cha mtoto siku ya michezo shuleni, cha mfanyakazi aliyeamka amechelewa.

Ni cha kale pia. Mwaka 1987, katika mkoa wa Ishikawa, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua donge la wali lililogeuka kaa, la zama za Yayoi, yaani la miaka ipatayo 2,000 iliyopita, likiwa na umbo la pembe tatu. Mwaka 1889, shule moja ya mji wa Tsuruoka, mkoani Yamagata, iliyokuwa ndani ya hekalu, ilianza kuwapa watoto wa familia maskini chakula cha mchana bure: onigiri, samaki wa chumvi na mboga za achari. Wajapani huhesabu hiyo kuwa asili ya chakula cha shule nchini mwao. Siku hizi onigiri huuzwa usiku na mchana katika maduka madogo ya kila mtaa, na wapo wanaoifanya kazi ya maisha. Duka la Yadoroku la Asakusa, Tokyo, lilifunguliwa mwaka 1954. Lile liitwalo Bongo, huko Otsuka katika jiji hilohilo, mwaka 1960, na mpaka leo watu hupanga foleni nje yake.

Mchele: hapa ndipo penye kazi

Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Amilosi ikiwa nyingi, kila punje hukaa kivyake, na wali ukipoa hukakamaa. Amilopektini ikitawala, punje hunata, na wali ukipoa hubaki laini. Basmati na michele mingi ya punje ndefu iko upande wa kwanza. Mchele wa Kijapani, wenye punje fupi na nene, uko upande wa pili, na ndiyo sababu chakula kilichofinyangwa alfajiri huweza kuliwa adhuhuri kikiwa kimepoa bila kugeuka changarawe mdomoni. Aina inayolimwa kuliko zote Japani ni Koshihikari, iliyopewa jina hilo mwaka 1956.

Ukienda kununua, fuata mpangilio huu.

Kwanza, tafuta mchele wa punje fupi. Katika maduka makubwa ya Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, na katika maduka ya vyakula vya Asia huko Ulaya na Marekani, mara nyingi mfuko huandikwa kuwa ni mchele wa sushi. Jina hilo lisikutishe. Ni mchele mtupu, siki haijatiwa.

Pili, ukikosa huo, chukua Calrose, mchele wa punje za wastani ulioanza kulimwa California mwaka 1948. Ni wa bei nafuu kidogo, unanata vya kutosha, na Wajapani wengi wanaoishi Marekani huutumia bila kinyongo.

Tatu, kwa msomaji aliyeko Maskati, Dubai au Doha, kuna mchele wa Misri, ule unaojazwa kwenye majani ya zabibu na bilinganya. Ni wa jamii moja na wa Kijapani, punje zake ni fupi na nene, na huko Ghuba haukosekani dukani.

Nne, mchele wetu wenyewe. Wa Kyela, wa Kilombero, pishori ya Mwea: yote ina harufu ya kumtoa nyoka pangoni, lakini punje zake ni ndefu na asili yake ni kuchambuka. Hata hivyo ipo njia. Mchele uliotoka kuvunwa hunata zaidi ya uliokaa ghalani, kwa kuwa kadiri mchele unavyokaa ndivyo punje zake zinavyozidi kuwa ngumu na wali wake kuchambuka. Muuzaji sokoni akikwambia, “Huu mpya, dada, usije ukanilaumu ukishikana,” kwa kawaida hilo ni onyo. Siku ya onigiri, mwambie akupimie kilo mbili. Wajapani wenyewe huusubiri mchele mpya wa vuli kwa hamu na kuulipia zaidi. Ukitaka msaada wa ziada, changanya sehemu nne za mchele wako na sehemu moja ya ule mchele wa kunata wa Kithai. Utashikana ukiwa na joto, ila usiutarajie ubaki laini mpaka jioni. Onigiri ya mchele wa nyumbani ni ya kuliwa muda huohuo.

Viko vitatu vya kuepuka. Usitumie mchele wa kunata peke yake, maana utapata kitu cha kutafuna kama ubani. Usitumie mchele uliochemshwa kabla ya kukobolewa, kwani huo hata uuombe haushikani. Wala usidhani chenga ni njia ya mkato. Punje zilizovunjika hutoa wanga mwingi, ni kweli, lakini hugeuka uji, na onigiri yataka punje nzima zilizogusana, si uji ulioganda.

Kuosha, kuroweka, kupika

Kwa onigiri sita, pima gramu 300 za mchele wa punje fupi. Hivyo ni vikombe viwili vya kipimo cha Kijapani, cha mililita 180 kila kimoja.

Mimina maji ya kwanza, koroga mara moja na uyamwage upesi. Mchele mkavu hunywa maji haraka, na hayo ya kwanza ndiyo yenye vumbi na harufu ya pumba. Kisha osha mara tatu au nne kwa vidole vilivyokunjwa kidogo, ukizungusha bila kusugua kwa nguvu, mpaka uzione punje chini ya maji yenye weupe hafifu tu. Si lazima yawe maangavu kabisa.

Sasa chuja, tia mililita 400 za maji safi na uache kwa nusu saa. Wengi wetu huruka hatua hii kwa kuwa wali wetu hauihitaji sana, lakini hapa ndipo punje nene inapopata maji mpaka ndani. Utaona zinavyobadilika: mwanzoni ziling'aa kama kioo chenye ukungu, sasa ni nyeupe kama maziwa. Usipoziroweka, nje zitaiva na kulainika, katikati zitabaki na kiini kigumu. Ikiwa unatumia mchele mpya wa punje fupi, punguza maji kidogo. Ikiwa ni mchele wetu mrefu, yafikishe kwenye mililita 500.

Usitie mafuta. Usitie tui. Usitie chumvi. Mafuta, pamoja na yale yaliyomo ndani ya tui, huivika kila punje koti la utelezi, na ndiyo hasa sababu tunayatia katika wali wa kila siku: ili zisishikane. Chumvi itaingia baadaye kwa mikono.

Tumia sufuria nzito yenye mfuniko unaobana. Weka kwenye moto wa wastani mpaka ichemke, punguza moto uwe mdogo kabisa, uache dakika 10 hadi 12, kisha zima na uache dakika nyingine 10 hadi 15 bila kufunua. Dakika hizo za mwisho ni sehemu ya upishi, mvuke unakamilisha kazi. Kama unapikia mkaa, epua sufuria makaa yanapokuwa mengi na uirudishe yakipungua, na safari hii usiupalie. Makaa juu ya mfuniko huukausha wali upande wa juu, nasi tunauhitaji uwe na unyevu sawasawa kila mahali.

Kwa walioko nyanda za juu, zingatia mwinuko. Nairobi, Mbeya, Kigali au Bukavu maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Nairobi ni karibu 94. Rowekeni kwa saa nzima, ongezeni vijiko viwili au vitatu vya maji, na muuache wali dakika chache zaidi juu ya moto mdogo.

Ukifunua, geuza wali kwa mwiko uliolowekwa maji. Ingiza mwiko kwa ubavu, kata, nyanyua, pindua. Usikoroge. Ukoko wa chini uache palepale, una walaji wake, lakini ndani ya onigiri hautakiwi.

Chumvi na mikono

Hamishia wali kwenye bakuli pana au sinia na uache mvuke mkali utoke kwa dakika mbili tatu. Usisubiri upoe. Wali uliopoa hauna tena gundi, na ule wa moto kupita kiasi utakuunguza. Kipimo ni kwamba unaweza kuushika, lakini ungependa kuuachia.

Weka karibu nawe bakuli la maji na kisahani cha chumvi. Lowesha viganja, kung'uta maji, kisha gusa chumvi kwa ncha za vidole viwili na uisambaze kwenye viganja vyote. Maji yanazuia wali usigande mikononi, chumvi inakolea sehemu ya nje, ile ambayo ulimi hukutana nayo kwanza. Kwa hiyo chumvi kidogo huonekana nyingi. Rudia kwa kila onigiri, vinginevyo ya kwanza itakuwa na chumvi na ya tatu itakuwa chapwa.

Chukua wali wa kama gramu 100, yaani ujazo wa kiganja kimoja. Bonyeza shimo dogo katikati, tia kiini, funika kwa wali wa pembeni. Sasa mkono wa chini uwe tambarare, unabeba. Mkono wa juu ukunje vidole viwe kama paa la nyumba, huo ndio unaotengeneza pembe. Bana kidogo, zungusha onigiri hatua moja, bana tena. Mizunguko mitano au sita inatosha. Pembe zikikushinda, fanya duara au pipa fupi. Wajapani nao wana maumbo hayo yote, na ladha haijali pembe.

Mkono uliozoea ugali una tabia moja ya kuachwa mlangoni. Tonge la ugali tunalisokota na kulikandamiza mpaka liwe laini na bila ufa, ndipo tulitie kidole. Ukiifanyia onigiri hivyo umeiua. Nguvu inatakiwa pale nje tu, kiasi cha kuifanya isimame wima sahanini. Ndani panatakiwa pawe na hewa. Jipime hivi: imege moja katikati na uitazame. Ukiona punje nzima nzima zilizoegemeana, na vijinafasi vidogo kati yake, umepata. Ukiona kitu cheupe kisicho na punje, ulibana mno.

Kuna njia mbili rahisi kwa anayeanza. Ya kwanza ni kikombe: lowesha kikombe kidogo cha chai, nyunyiza chumvi, tia wali, kiini, na wali tena, kisha kitikise kwa kukizungusha mpaka tonge lijitengeneze lenyewe, ukalimalizie mkononi. Watoto huipenda kazi hii. Ya pili ni plastiki laini ya kufungia chakula: itandaze, nyunyiza chumvi, weka wali juu, kusanya ncha zake na ufinyange kwa nje. Mikono haigusi wali kabisa, na baadaye tutaona kwa nini hilo ni jambo kubwa.

Kiini

Kanuni ya kiini ina maneno matatu: kikavu, kikali, kidogo. Kitu chenye mchuzi kitapenyeza na kuivunja onigiri. Kitu kisichokolea kitapotea ndani ya wali mtupu. Na kikizidi kijiko kimoja cha chai kilichojaa, wali hautafunga, labda kwa aliyekwisha kuwa fundi.

Viini vya asili ni vichache na vyote vinatii kanuni hiyo. Upo umeboshi, tunda dogo la jamii ya plamu lililotiwa chumvi likakaushwa juani, lenye uchachu wa kufumbisha macho. Yupo samoni wa chumvi aliyechomwa na kuchambuliwa. Upo mwani mpana wa kombu uliochemshwa na sosi ya soya, na zipo nyuzi za samaki mkavu zilizoloweshwa kwa sosi hiyohiyo. Jodari wa kopo na mayonezi aliingia baadaye sana: maduka ya 7-Eleven ya Japani yalianza kumuuza ndani ya onigiri mwaka 1983, wazee wakashangaa, na leo ni miongoni mwa viini vinavyonunuliwa kuliko vyote.

Jikoni kwetu ni rahisi kupata vya kufanana navyo bila kuagiza ng'ambo. Nguru wa chumvi, akirowekwa kidogo, akachomwa na kuchambuliwa miiba, husimama vizuri mahali pa samoni. Achari ya ndimu, ikipanguswa mafuta na kukatwa vipande vidogo kama punje ya mahindi, hutoa chumvi na uchachu ule wa umeboshi. Jodari wa kopo mkamue kwelikweli, mpaka asidondoshe hata tone, ndipo umchanganye na mayonezi kijiko kimoja.

Ila kinachostahili kupikwa kwa makusudi ni dagaa. Japani kuna upishi uitwao tsukudani, uliopewa jina la kisiwa kidogo cha Tsukuda huko Tokyo, ambao samaki wadogo, chaza au mwani hukaushiwa ndani ya sosi ya soya na sukari mpaka wang'ae. Dagaa wetu kana kwamba waliumbwa kwa kazi hiyo. Chukua gramu 50 za dagaa wakavu, waondoe vichwa na matumbo, waoshe na uwakaushe, kisha wakaange bila mafuta juu ya moto mdogo mpaka wavunjike ukiwaminya. Waweke kando. Katika kikaango hichohicho chemsha vijiko viwili vya chakula vya sosi ya soya, kimoja na nusu cha sukari, vitatu vya maji, na tangawizi iliyokatwa nyuzi nyembamba. Mapovu yakianza kuwa makubwa na mazito, rudisha dagaa, geuza upesi mpaka sosi iwagande wote na kikaango kibaki kikavu, nyunyiza ufuta na uepue. Wakipoa watakuwa na ukakasi mtamu. Kijiko kimoja ndani ya wali kinatosha, na wanaobaki watakaa kwenye chupa ndani ya friji kwa siku kadhaa.

Neno kwa msomaji Mwislamu: mapishi mengi ya Kijapani hutaja mirin na sake. Zote mbili zina kileo, na onigiri haizihitaji. Sukari na maji hufanya kazi ya mirin. Sosi ya soya iliyochachushwa kiasili nayo huwa na kileo kidogo kinachotokana na uchachu wenyewe, kwa hiyo anayejali hilo atafute chupa yenye alama ya halali.

Mwani, na kama hauna mwani

Karatasi nyeusi inayofunga onigiri ni nori, mwani unaosagwa, kutandazwa na kukaushwa kama karatasi inavyotengenezwa. Usiende Paje au Jambiani kuutafuta. Mwani unaolimwa Zanzibar tangu mwaka 1989 ni wa jamii nyingine, unaosafirishwa nje kwa ajili ya kutoa kigandisho cha viwandani, na hata ukaukaushe vipi hautakuwa nori. Nori hununuliwa dukani, imefungwa kwenye pakiti.

Wajapani wenyewe waliwahi kukaribia kuukosa. Wavuvi walikuwa hawajui mbegu yake inakaa wapi wakati wa kiangazi, wakitegemea bahati tu, na mavuno ya baada ya vita yakawa mabaya sana. Mwaka 1949 mtaalamu wa mimea ya bahari wa Uingereza, Kathleen Drew-Baker, alichapisha ugunduzi kwamba mwani huo hupitisha sehemu ya maisha yake kama viuzi vidogo vilivyojichimbia ndani ya magamba ya chaza. Kutokana na hilo Wajapani wakajua namna ya kuotesha mbegu wenyewe. Yeye hakuwahi kufika Japani, lakini mwaka 1963 wakulima wa mwani walimjengea mnara mjini Uto, mkoa wa Kumamoto, na kila mwezi Aprili hukusanyika hapo kumshukuru.

Adui wa nori ni unyevu, na pwani yetu haina kingine. Ukifungua pakiti, hamishia karatasi zote kwenye kopo lisilopitisha hewa. Zikilegea, pitisha moja moja juu ya moto kwa sekunde chache. Itageuka kutoka weusi kuelekea kijani na kuanza kunukia. Kata karatasi vipande vitatu kwa urefu, upande unaong'aa uwe nje, na uifunge onigiri unapoila, si mapema. Ndiyo sababu onigiri za madukani Japani, tangu 7-Eleven ilipoanza kuziuza hivyo mwaka 1978, huwa na utando mwembamba unaotenga mwani na wali mpaka mlaji auvute. Nyumbani, beba mwani peke yake kwenye kifuko kikavu.

Ukikosa nori usijikatie tamaa. Onigiri ya chumvi tupu ni ya heshima. Unaweza kuviringisha pembe zake kwenye ufuta uliokaangwa. Huko Kumano, kusini mwa mkoa wa Wakayama, matonge makubwa hufungwa kwa majani ya haradali yaliyotiwa chumvi. Jani la sukuma wiki lililotolewa uti, likachovywa kwenye maji ya moto na kunyunyizwa chumvi, litafanya vivyo hivyo.

Ya kuchoma

Onigiri ya kuchoma, yaki onigiri, ndiyo inayoleta watu jikoni bila kuitwa. Ifinyange kwa nguvu kidogo zaidi, bila kiini, na uiache ikauke juu kwa robo saa. Paka wavu mafuta, makaa yawe yamefifia. Choma pande zote mpaka zipate ganda kavu lisilogandia wavu, ndipo upake sosi ya soya kwa brashi, geuza, paka, geuza. Ukipaka sosi mapema, wali utalegea na kunasa. Ikiwa mchele wako ni wa nyumbani na hushikana kwa shida, tumia kikaango kisichonata badala ya wavu. Hii pia ndiyo dawa ya onigiri iliyokakamaa kwa baridi, kwa sababu moto hurudisha ulaini wa ndani.

Joto, mkoba wa shule na friji

Hapa tusifanye mzaha. Wali uliopikwa ni makao mazuri ya bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye vijimbegu vyake huvumilia kuchemshwa na kuamka wali unapokaa vuguvugu. Mikononi na puani mwetu yuko mwingine, Staphylococcus aureus, ambaye huko Japani amewalaza wengi kupitia onigiri zilizofinyangwa na mtu mwenye kidonda kidoleni. Sumu za hawa wawili zinaweza kubaki hata chakula kikipashwa moto tena. Kwa hiyo kunawa tu hakutoshi. Onigiri ya kuliwa palepale ifinyange kwa mikono safi. Ya kubeba ifinyange kwa plastiki, na mwenye jeraha apishe wengine.

Baada ya kufinyanga, zipanguse mvuke na uziache zipoe wazi kabla ya kuzifungia. Ukizifunga zikitoa mvuke, unazitengenezea bafu. Jani la mgomba lililopitishwa motoni hufaa kuzifungia, na hupumua kuliko plastiki. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam usizidishe saa mbili nje ya ubaridi, na jodari wa mayonezi asiingie kwenye mkoba wa mtoto bila barafu ya pakiti. Dagaa waliokaushiwa sosi, achari, au chumvi tupu ni salama zaidi, ingawa hazifuti kanuni ya muda.

Friji ya kawaida huulinda wali usiharibike lakini huukakamaza, kwa kuwa ubaridi ule ndio unaogandisha wanga haraka kuliko wote. Ukitaka kuweka akiba, funga kila onigiri ikiwa na ujoto kidogo na uipeleke moja kwa moja kwenye sehemu ya kugandisha barafu, kisha siku ya kula ipashe kwa maikrowevu au kwa mvuke mpaka iwe moto kote. Zenye mayonezi usizigandishe.

Siku ya kwanza

Siku ya kwanza pika mchele na chumvi peke yake. Tengeneza sita, kula moja ikiwa moto, nyingine baada ya saa moja, na uandike kama uliongeza maji mengi au machache, maana kila mfuko wa mchele una tabia yake. Watu wazima hutosheka na mbili kila mmoja, pamoja na supu au mboga pembeni. Siku ya pili tia dagaa au nguru. Siku ya tatu nunua mwani. Ukianza na vyote kwa pamoja na mambo yakaharibika, hutajua kipi kimekuangusha.